Matairi Mapana ya Kwenda Ukweni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku njema. Ruthu, mke wangu, amerudi kutoka kwa mafundi wa Kizota, hapa hapa Dodoma, na habari kubwa: mashine ya kukamua alizeti imekamilika. Ni mali ya kikundi chao, akina mama kumi na wawili wa Haneti, kijijini alikozaliwa. Yeye ndiye mwenyekiti. Mashine na injini yake ni kilo mia saba na kitu. Inatakiwa iwe Haneti Ijumaa ya wiki ijayo, maana Jumamosi ni uzinduzi na alizeti imeshaanza kuvunwa.

Ruthu akasema tumwombe jirani yetu Mrisho aipeleke kwa pikapu yake. Pikapu ya Mrisho! Ile yenye vitairi vyembamba na rimu za chuma zisizo na hata vifuniko. Nikamwambia Mama Anitha, nyumba hii ina gari la fowili, ina tela, na ina mwanamume. Akaniangalia kidogo. Akauliza tela lipi. Nikamjibu lile lile nililonunua mnadani mwaka juzi, kwa ajili ya ule mpango wangu wa kukodisha viti vya harusi. Kuku wamehamia humo, lakini ni tela.

Nieleze jambo hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mwaka 1992 nilikuwa nimehamishiwa Dodoma kikazi kutoka Tukuyu, kijana, mtunza stoo wa serikali. Nikaenda Haneti kujitambulisha ukweni. Kwa baiskeli. Pancha mbili njiani. Nikaingia uani kwao nimeibeba baiskeli begani. Baba mkwe, sasa marehemu, akauliza kama huko mjini ni baiskeli ndiyo humpanda mtu. Walicheka mpaka maziwa yakafurika jikoni. Tangu siku hiyo nimekwenda ukweni mara nyingi, kwa basi, kwa lifti, kwa miguu, na nimestaafu kwa heshima zote, lakini kwao mimi bado ni yule wa baiskeli. Mama mkwe yu hai. Ana macho makali na hasahau kitu.

Safari hii mimi, Anyitike, nitaingia kama waziri. Kila siku nayaona mashangingi ya wakubwa yakipita mjini hapa. Matairi mapana, rimu zinang'aa, watu wanapisha bila kuambiwa. Siri yote ipo kwenye matairi. Nimewaza matairi mchana kutwa, nikasahau kula.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda Kizota kwa Kefa, fundi tairi wa miaka mingi. Nikamwambia nataka matairi ya kuvutia tela, na yawe ya kutazamika. Akalizunguka gari langu mara mbili, akachuchumaa, akapapasa, akainuka. Akasema matairi haya manne ni ya saizi tatu. Nikamwambia yote ni ya mviringo.

Maswali yake hayakuwa na mwisho. Navuta kilo ngapi. Tela lenyewe lina kilo ngapi. Njia ni ya lami au ya vumbi. Tela lina breki au halina. Utadhani nimekwenda hospitali. Mwisho akatoa hukumu: matairi ya kubebea mzigo, yenye ubavu mgumu, yote ya saizi moja, ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Rimu za chuma za kawaida. Upepo wa kutosha, hasa nyuma. Akanionyesha vinamba vidogo ubavuni mwa tairi, akasema hivyo ndivyo vinavyosema tairi moja linastahimili uzito gani, na ndivyo vya kutazama kabla ya sura. Akanitolea seti nzima. Nyembamba, nyeusi tii, rimu kama masufuria ya msibani.

Nikauliza kama hana kitu kipana zaidi. Akasema upana si nguvu, mzee. Na hapo hapo akatokea nani? Mrisho. Amekuja kuziba pancha ya toroli. Akanipa shikamoo yake, akasikiliza, akasema Kefa yuko sahihi kabisa. Yeye seti kama hiyo imemvutia tangi la maji mpaka Manyoni na kurudi bila kero.

Basi, ikawa imekwisha. Mimi siwezi kuweka tairi lililosifiwa na Mrisho. Nikaaga kwa adabu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata! Rahimu, muuza vifaa vya magari vilivyotumika. Matairi manne mapana, yenye kashata, yale meno ya mpira, kubwa kiasi kwamba vidole vyangu vinne viliingia katikati yake. Rimu zinang'aa. Niliuona uso wangu humo nikajipenda. Rahimu akasema yalitoka kwenye gari la mkubwa mmoja ambaye hawezi kumtaja. Nilimwelewa mara moja.

Nikakumbuka maneno ya Kefa, nikachungulia ubavuni. Namba zilikuwa nyingi. Nikamuuliza Rahimu ipi ndiyo ya uzito. Akanionyesha ile kubwa kuliko zote. Nikaridhika.

Hatukusumbuana kuhusu bei, tumebadilishana. Nimempa matairi yangu manne ya zamani, tairi la spea, na ile feni ya kusimama niliyopewa siku ya kustaafu. Aliniuliza mara mbili kama kweli sihitaji spea. Nikamwambia tairi kama hizi zikipata pancha, basi hata lami ijitazame. Akacheka sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu muungwana.

Nyumbani, Ruthu alitoka nje akayatazama. Akauliza ya zamani yako wapi. Nikasema yamestaafu. Akauliza spea iko wapi. Nikasema nayo imestaafu. Akauliza feni iko wapi. Nikasema huu ni mwezi wa tano, joto limekwisha. Akachukua simu akaenda kuongea nyuma ya nyumba, kisha akarudi kuchambua mlenda wake. Nadhani amevutiwa.

Ijumaa, 9 Mei

Tatizo dogo. Gari halikati kushoto. Madigadi ya upande ule yalikunjwa na punda zamani, sasa ukizungusha usukani kushoto hata kidogo, tairi linasaga bati kwa kelele mpaka mbwa wanatoka. Kulia linakwenda vizuri kabisa.

Kwa hiyo leo nimekwenda dukani, hapa hapa mtaani kwetu, Chang'ombe ya Dodoma, kwa kukata kulia tu. Duka liko hatua mia mbili kutoka kwangu. Nimetumia dakika arobaini, na nimesalimiana na watu ambao sijawaona tangu Krismasi. Mwanamvua wa genge la nyanya alinipungia mkono mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama nimepotelewa na ng'ombe.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekata madigadi kwa msumeno wa chuma. Kazi nzuri, ingawa mstari umepinda. Mrisho alisimama kwenye uzio muda wote na kikombe chake cha chai. Akauliza, kwa upole kabisa, kama isingekuwa rahisi kubadilisha matairi kuliko kubadilisha gari. Ndiyo kero ya Mrisho, hana hata dharau ya kumgombeza nayo. Nikamwambia kazi ya chuma haitaki maneno. Akasema kweli, akanipitishia kikombe cha chai juu ya uzio. Chai ilikuwa na tangawizi. Niliinywa.

Sasa gari linakata pande zote. Linarusha vumbi mpaka kwenye kamba za nguo za watu, lakini hilo ni la majirani.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya ushindi. Niliegesha mbele kabisa ya kanisa. Baada ya ibada watu walilizunguka gari. Devota, kiongozi wa kwaya, aliinama akajirekebishia kilemba kwenye rimu. Wengine nao wakapanga foleni. Mchungaji akaniomba kwa upole Jumapili ijayo niegeshe mbali kidogo, kwa sababu mng'ao uliingia dirishani wakati wa maombi na watu wakawa wanafumbua macho. Sijawahi kufurahi hivi tangu nistaafu.

Jambo jingine la kutia moyo: matairi haya makubwa yameongeza mbio za gari bila mshale wa spidi kupanda. Mshale ulisema arobaini na tano, lakini bodaboda wote niliwaacha. Mrisho angesema mshale unadanganya. Simwulizi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewafukuza kuku, nimeosha tela, nimeliunga kwenye gari. Limekaa vibaya. Gari limeinuka sana kwa matairi mapya, na tela limeinua mdomo juu na kukalia mkia.

Ruthu akamwita Kefa bila kuniuliza. Kefa akaja kwa baiskeli, akatazama, akavua kofia. Akasema tela linatakiwa lilale sawasawa, na uzito uegemee mbele kidogo. Likiinua mdomo namna hii mzigo utavuta nyuma, mkia utayumba barabarani na kulivuruga gari zima. Nikamuuliza dawa yake. Akasema dawa anayo Kizota, nyeusi, nne, hajaziuza. Nikamshukuru kwa kuja.

Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo nikafikiri. Tatizo ni kwamba gari liko juu. Lishuke, basi. Na kinachoinua gari ni nini? Upepo uliomo kwenye matairi! Nikafungua vinywa vyote vinne, pssss, mpaka gari likashuka vidole vinne hivi. Tela likalala karibu sawasawa. Na faida ya pili ambayo hata sikuitarajia: tairi lenye upepo kidogo linatanuka. Yameonekana mapana kuliko mwanzo.

Kefa amesoma ufundi miaka mitatu. Mimi nimetumia nusu saa na ndoo.

Jumatano, 14 Mei

Majaribio. Nimepakia viroba vya mchanga kwenye tela nikaenda hadi Kizota na kurudi. Safi. Usukani mzito kidogo, lakini mimi nina mikono. Kulikuwa na harufu ya mpira, harufu ya vitu vipya. Nilipofika nyumbani nikagusa tairi la nyuma, lilikuwa la moto mpaka nikaondoa mkono. Nikaona ni dalili ya uzima.

Ruthu anasema keshokutwa atapanda kwa Mrisho. Eti harufu ya mpira inamuumiza kichwa. Na Mrisho ana safari gani Haneti? Eti anakwenda kusalimia. Anamsalimia nani huko, hakusema. Nimeudhika, halafu nimeona ni vizuri. Waziri huwa na gari la nyuma.

Ijumaa, 16 Mei

Naandikia Haneti, nje ya nyumba ya shemeji. Nitaandika yote.

Asubuhi wanaume wanane waliipakia mashine Kizota. Kefa mwenyewe aliipanga mahali pake kwenye tela, mbele kidogo ya magurudumu, akaifunga kwa minyororo. Kisha akayatazama matairi yangu. Akauliza kama upepo unatosha. Nikasema unatosha. Akauliza unatosha kwa nini. Nikawasha gari.

Barabara ya Kondoa ni nzuri, lami tupu. Makutupora watu waligeuka kututazama. Nikaweka mkono mmoja nje ya dirisha, kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Nyuma yangu tela, nyuma ya tela Mrisho na mke wangu kwenye kile kipikapu. Baada ya Mayamaya ile harufu ilirudi na mkia wa tela ukaanza kucheza, kushoto, kulia, taratibu. Nikapunguza mwendo. Nikaimba wimbo wa kwaya.

Tulipoacha lami kuingia njia ya kwao, zikiwa zimebaki kilomita mbili hivi, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Sijawahi kusikia mlio kama ule. Gari likavutwa upande, tela likataka kupita mbele yangu, nikashika usukani kwa nguvu zote za ujana wangu na uzee wangu. Tukasimama. Nilifikiria mashine, kisha Ruthu ataniambia nini, kisha kama nipo hai, kwa mpangilio huo.

Nikasema nisogeze gari kwenye kivuli. Nikasogeza. Tairi la nyuma kulia likavuka ukingo wa rimu, likalala chini. Mawili. Na spea iko kwa Rahimu, pamoja na feni.

Ruthu alishuka akaiendea mashine kwanza. Akaishika kila mahali kama mtoto aliyeanguka. Nzima. Ndipo akaja kwangu, akanitazama kuanzia miguuni, akasema pole, Baba Anitha. Basi. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamechanga miaka mitatu kwa ajili ya ile mashine, naye ndiye aliyesimama kikaoni akasema mume wangu ataileta. Hilo nimelijua leo kwa Mrisho, maana Ruthu hakuniambia. Nilikaa kwenye jiwe. Nilijisikia mdogo sana.

Mrisho alirudisha pikapu yake nyuma. Akalifungua tela kwangu, akaliunga kwake. Likalala sawasawa kama meza. Kabla ya korongo la mchanga, hatua chache mbele yangu, akasimama, akashuka, akatoa upepo kidogo kwenye matairi yake. Nikaruka kutoka kwenye jiwe. Kumbe mbinu ni hii hii yangu! Akapita mchangani polepole, bila kukwama, na tela nyuma yake. Ng'ambo akatoa pampu chini ya kiti akaanza kuujaza upepo upya, tairi moja moja, kwa mkono, mpaka jasho likamtoka. Sehemu hiyo ya pili ndiyo sijaielewa. Nimeona ni kupoteza nguvu.

Hivyo mashine imefika kwa wakati. Imefika bila mimi.

Mimi nikaja kuchukuliwa na Yotham, kaka wa Ruthu. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniuliza kama gari limekufa. Nikasema gari ni zima, miguu tu. Amekuja na ng'ombe wanne. Akafunga mnyororo mbele, mimi nikakaa kwenye usukani, tukaondoka. Rimu za nyuma zilikuwa zinachimba mtaro kwenye mchanga. Ni safari ndefu sana, kilomita mbili kwa mwendo wa ng'ombe, hasa kama kila nyumba ina mtu mlangoni. Mkono wangu nikauweka nje ya dirisha hivyo hivyo. Ningeuweka wapi?

Mama mkwe alikuwa amesimama uani. Kwa desturi ya nyumba ile, mama mkwe na mkwe hawasemezani moja kwa moja. Maneno hupitia kwa shemeji, hata kama mmesimama hatua tatu. Miaka thelathini na mitatu ni hivyo. Akaangalia ng'ombe, akaangalia gari, akasema kitu kirefu kwa Kigogo. Kigogo changu mimi kinatosha kununulia mlenda tu. Yotham akanigeukia akasema: anasema karibu. Alichosema kilikuwa kirefu kuliko karibu.

Jumamosi, 17 Mei

Uzinduzi. Injini iliwaka mara ya tatu, moshi ukapanda, mbegu zikaingia juu na mafuta yakatoka chini, ya njano, yenye povu. Vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Ruthu alitoa hotuba. Alimshukuru Mrisho, akamshukuru Kefa, akawashukuru wale wanaume wanane wa Kizota, akawashukuru ng'ombe. Kisha akasema namshukuru na mume wangu kwa moyo wake. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Nilijificha nyuma ya pipa. Nilikuwa natafuta njia ya kurudi mjini bila kupita uani.

Hapo akaja mtu mmoja mwembamba, Luka, fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi, wa pale kijijini. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anayazunguka matairi yangu yaliyopasuka, anayapima kwa shubiri, anayanusa. Akamwambia Yotham, Yotham akaniambia mimi: haya ni ya nyuzi, hayana waya ndani, na ni mapana, upana mmoja unatoa soli mbili. Tangu aanze kazi hajaona ngozi ya tairi kama hii. Nikasema achukue.

Akanoa kisu. Kufika alasiri pea tisa zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka. Ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Alizivaa, akakatiza uwanja wote mpaka kwenye zizi, akakanyaga kwa nguvu mara mbili, akarudi. Nikamtazama Yotham nikingoja tafsiri. Lakini yule mama alinigeukia mimi mwenyewe. Akaniangalia usoni. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayechagua punje: "Asante, baba."

Yotham alibaki mdomo wazi, hana kazi. Mimi nililia kidogo. Naandika kwa kuwa daftari hili halisomwi.

Nimekula ubwabwa wa mafuta mapya, sahani mbili. Mrisho alikaa karibu yangu, akanisogezea nyama. Si mtu mbaya, Mrisho. Anakosa tu kipaji.

Jumatatu, 19 Mei

Tumerudi Chang'ombe. Jana Kefa alituma kwa basi ile seti yake, matairi manne na rimu za chuma. Kumbe Ruthu alimpigia simu azitunze tangu ile siku niliyorudi bila spea. Tumezifunga leo asubuhi, mimi na Mrisho. Yale mapana mawili yaliyobaki nimemwachia Luka, akanishika mikono mpaka ikauma.

Niandike ukweli. Gari limekuja vizuri. Linakata kushoto na kulia, mshale unasema kweli, tela tupu limelala sawasawa, hakuna harufu. Ruthu alipanda na mimi, akavua viatu, akalala usingizi njia nzima na kichwa chake begani kwangu. Nilifurahi sana kwa hilo. Ila tulipoingia mtaani hakuna aliyegeuka. Mwanamvua alikuwa anapanga nyanya zake, hakuinua hata kichwa.

Mchana Yotham amepiga simu. Pea tisa za juzi zimekwisha. Mama mkwe amezunguka nazo kijiji kizima, sasa dada yake wa Itiso anataka, mzee wa kanisa anataka, wachungaji wa ng'ombe wanataka. Na mama mkwe mwenyewe anauliza, si kwa kupitia mtu, alichukua simu mkononi akauliza: mkwe wangu anakuja tena lini?

Mkwe wangu! Miaka thelathini na mitatu nimengoja neno hilo, na nimelipata kwa matairi. Si kwa cheo, si kwa mashine. Kama ningemsikiliza Kefa, ningefika Haneti salama kabisa na viatu nisingempelekea mtu.

Mwezi wa saba kikundi kinataka kupelekewa mapipa ya mafuta. Ruthu amesema wazi kwamba matairi ya Kefa hayaguswi. Nimemwambia hakuna neno, mke wangu. Kisha nimekaa nikahesabu miguu iliyobaki ukweni. Ni mingi.

Nimempigia Rahimu. Anazo nne nyingine, pana kuliko zile. Amekubali tubadilishane na hizi nyeusi za Kefa, bila kuongeza kitu. Kesho asubuhi Ruthu ana kikao cha kikundi. Nitatoka na gari kidogo.